Mikoko Juu ya Kitanda cha Shangazi

Nyinyi wa Pemba mmesikia kwamba tulitaka kumzika mtu hai. Nyinyi wa Mtwara mmesikia kwamba tulibeba jini. Na mama mdogo, ambaye tunakaa naye ua mmoja, alisikia kwamba niliyekufa ni mimi, akanitazama kwa mashaka siku nzima hata nilipokuwa nakula mbele yake. Basi nakaa chini niwaandikie wote kwa pamoja. Anayetaka kuongeza chumvi aongeze akiwa kwake.

Habari za vibali na barua za kupita nitaziruka, hazina utamu. Nitaanza pale gari lilipoondoka.

Quitunda hadi Palma

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: Quitunda ni kijiji cha nyumba za matofali zilizopangwa mistari, tulikohamishiwa sisi tuliokuwa tukiishi ufukweni kabla ardhi ile haijachukuliwa kwa ajili ya gesi. Mashamba tulipewa, mihogo inaota. Bahari ndiyo imekuwa ya kuifuata, na wanawake wa kwetu bado wanaifuata, kwa sababu mtu aliyelelewa kwa kombe na pweza huwezi kumwambia ghafla awe mtu wa kunde tu. Kuna kipande cha ufukwe tunakookota. Zamani kilikuwa na mikoko. Ikakatwa kwa boriti na kwa tanuri za chokaa, kimbunga kikamalizia iliyobaki, na sasa maji makubwa ya bamvua yakija yanapanda juu zaidi kila msimu, yanaosha matope, na kombe wanapotea.

Atija ndiye aliyesema tupande. Ni mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, hacheki ovyo, na akikutazama unakumbuka kazi uliyoiacha nusu. Alitukusanya wasichana na wake vijana, akaenda kukiomba kipande hicho kwa wazee. Wazee walikubali kwa sharti, nanyi mlishike sharti hili kwa sababu ndilo lililonitoa jasho safari nzima. Tukipande chote, kuanzia mkondo wa maji hadi kwenye mawe, kabla ya bamvua lijalo. Tukikijaza, ni chetu kukilinda, na Atija atakaa kwenye kamati ya ufukwe, ambako hajapata kukaa mwanamke. Pakibaki pengo, ardhi inarudi kwa akina Amade wanaochoma chokaa. Tena siku ya ukaguzi atakayetusemea ni Mjomba Bacar, kaka wa mama yake Atija, maana kwetu jambo la binti hupita kinywani mwa mjomba wake. Kabla hatujaondoka alimwambia Atija mbele yetu sote, "Jambo lolote kubwa likitokea huko, uniulize kwanza." Atija akaitika.

Miche kwetu haipo, mama zake wameshakatwa. Ikabidi tuifuate kaskazini, mto Rovuma unakoingia baharini. Tulikuwa wanne: Atija, Zainabo ambaye machozi yake yapo karibu, Muanarabo ambaye hasemi lakini anabeba, na mimi Anchia, ambaye mnanijua. Mimi nikikaa juu ya chochote kinachotembea nasinzia macho wazi, naota huku naona njia.

Carrinha, yaani pikapu ya abiria, ya kutupeleka Palma ilichelewa kwa sababu dereva alikuwa anangoja sufuria la pilau la harusi lipoe ili lisimwunguzie kiti. Tulingoja nalo. Lilipopoa, wenye harusi wakaona aibu kutuacha tukilinusa, wakatupakulia. Sijui kama kuna ucheleweshaji mwingine wowote duniani niliousamehe upesi hivyo.

Palma hadi Quionga

Kutoka Palma tulipanda lori la Saíde, kijana mwenye masihara mengi anayepeleka magunia matupu Quionga na kurudi na nazi. Magunia matupu ni godoro zuri kuliko langu. Nililala chali, minazi ikawa inapita juu yangu kinyumenyume, na kila kichwa cha mnazi kikikata jua nahisi kama mtu amenipitisha kiganja usoni. Zainabo alikuwa anaimba kasida ya maulidi taratibu. Nikaota bahari imekuja mpaka barabarani, nasi tunaelea juu ya magunia, na hakuna aliyeogopa.

Saíde alituuliza tunaenda kufanya nini. Atija akamweleza. Akafikiri, akauliza, "Na bosi wenu yuko wapi?"

"Bosi wa nini?" Atija akamjibu.

"Wa projeto, wa mradi. Mwanamume mwenye gari."

"Hatuna gari. Ndiyo maana tumepanda lako."

Saíde akacheka mpaka akapunguza mwendo, lakini alipotushusha Quionga, huku mikono iko kiunoni, bado aliangaza barabarani kama huyo mwanamume atatokea.

Mtoni

Tulifikia kwa Bi Fátima, mama mmoja anayeishi ukingoni mwa mikoko, mahali ambapo huwezi kusema kwa hakika kama umesimama nchi kavu au majini. Alitupokea kwa furaha kubwa mno. Alitandika mkeka, akaita jirani zake, akachinja kuku. Tulikula shima, ugali wa kwetu, na mchuzi wa nazi, kuku amelainika hadi anaachia mfupa mwenyewe. Tulipokwisha kunawa, akapiga magoti mbele ya Atija akauliza kwa adabu, "Haya, wanangu. Vyandarua viko wapi?"

Kumbe wasichana wanaokuja kijijini wakiwa kundi, wamevaa sare za kapulana, vitenge vya kwetu, huwa ni wa vyandarua. Atija akamwambia tumekuja kwa ajili ya mikoko. Bi Fátima akamtazama kuku aliyebaki mifupa. Kisha akatutazama sisi.

"Mikoko hii hii?" akauliza.

"Hii hii, bibi."

"Hii hailiwi na mbu," akasema, akainuka. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone: kesho yake alikuwa wa kwanza kujifunga kapulana kiunoni na kuingia nasi matopeni, na kwa kuwa kuku ameshaliwa, alitufanyisha kazi kwelikweli.

Sina maneno ya kutosha kwa asubuhi ile. Maji yalikuwa yametoka, na ndani ya mikoko mwanga ni wa kijani, unatikisika, na sauti yoyote inakuja imechelewa. Mtu akikuita unamsikia akiwa ameshapita. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama miti mingine. Mbegu huota ingali juu kwa mama yake, ikarefuka kijiti cha kijani cha urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, na siku ikiachia inakuwa mche kamili, tayari una kikonyo cha jani kichwani. Uliokomaa una pete ya manjano shingoni. Ukiugusa unaachia, ukiuvuta haujawa tayari. Nilitembea kwenye matope ya magotini nikiigusa mmoja mmoja, na kila uliodondokea kiganjani nilihisi nimekabidhiwa mtoto wa watu. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi, sijui neno jingine.

Atija alikuwa amenunua bafta nyeupe, kwa kuwa nyeupe haivuti joto. Tuliilowanisha, tukaviringisha miche yote ndani yake bunda moja refu, tukafunga kamba katikati, kichwani na miguuni. Ninaposema kichwani na miguuni, nyinyi mmeshaanza kuelewa ninakokwenda. Sisi siku ile hatukuelewa.

Kusini ya Quionga, kwa mabega

Lori la Saíde safari hii lilijaa nazi, na juu ya nazi kulikuwa na kitanda kipya cha kamba alichomtengenezea shangazi yake anayeishi kijiji cha mbele. Tukaliweka bunda letu juu ya kitanda, lisibanwe. Hatukwenda mbali. Kwenye mchanga mzito springi ya nyuma ikakatika, lori likalala upande mmoja, na nazi zikaanza kushuka moja moja kwa utulivu, zinabingirika barabarani kama zimefika kwao.

Saíde alisema kifaa kitapatikana kesho, inshallah. Jua lilikuwa kali, bafta imeanza kukauka. Atija akamwagia maji yetu ya kunywa.

"Tunatembea," akasema.

"Basi chukueni na kitanda," Saíde akamwambia. "Ni kwa shangazi yangu, Bi Rabia, na kwake ndiko mnakopita. Mtabeba kwa raha, nami mtakuwa mmenipunguzia safari."

Tukaona ni shauri jema. Tukashika kila mmoja mguu wake wa kitanda, tukajitwisha begani, bunda jeupe limelala katikati. Ili tuende hatua moja, Zainabo akaanzisha kasida yake ile ile, nasi tukaitikia kwa sauti ya chini.

Kilichofuata sijawahi kukiona. Mwenye baiskeli alitukuta, akashuka, akasimama kando na kuinamisha kichwa. Mwenye pikipiki alizima injini kabisa, akangoja mpaka tupite. Duka la njiani lililokuwa likipiga muziki likanyamaza. Wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha mchi ukisimama kinuni. Dunia ikawa inatufungulia njia na kufunga mdomo, nasi tunapita katikati yake na kasida yetu, vumbi jepesi, kivuli chetu kimoja chenye miguu minane. Kwenye kizuizi, wale askari wageni wanaoongea Kiswahili cha kwao hawakuuliza hata karatasi. Mmoja alivua kofia, akasema, "Poleni sana, dada zetu." Tukajibu tumeshapoa.

Nikamnong'oneza Atija, "Kumbe watu wanapenda mazingira."

Atija akaniambia nitazame mbele. Lakini niliona amefurahi, na mimi bega likaacha kuniuma kabisa.

Kijiji ambacho sitakitaja

Jina la kijiji cha Bi Rabia silitaji, wenyewe wamenisihi. Tuliingia wakati watu wanatoka kuswali alasiri. Wanaume walituona, wakaganda. Kisha wakaja kwa haraka, kundi zima, wakisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na kabla sijajua nini kinaendelea, bega langu likawa jepesi.

"Wanangu," mzee mmoja akasema, na sauti yake ilijaa huruma hadi nikataka kulia, "mmeachwa peke yenu? Wanaume wenu wamekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipokitazama kitanda kwa macho yao. Bafta. Kamba kichwani na miguuni. Kitanda cha kamba. Wasichana wanne wanaimba kwa sauti ya chini. Nikamtazama Atija, na uso wake ulikuwa unaona ninachokiona.

Mngesema neno palepale, mtaniambia. Jaribuni nyinyi. Miguu imevimba, maji hatuna, wazee wa watu wanalia mbele yako kwa ajili yako. Nani atawaambia hapana? Kitanda kilikuwa kimeshaondoka, kinapokezana mabega, kila mwanamume anataka thawabu ya hatua zake. Wanawake nao wakatushika, kwa kuwa mwanamke hafuati janaza, wakatukalisha mkekani, wakatuosha miguu, wakatupa uji wa mtama wenye tui. Zainabo alipoona watu wanamlilia akaanza kulia kwelikweli. Mama mmoja akamkumbatia, akamwambia, "Lia, mwanangu, itoke."

Nami nikanywa uji. Ulikuwa mtamu, na nilitamani usiishe kwa sababu ukiisha itabidi mtu aseme.

Mwanamke mmoja mnene akaja anahema, akauliza ni kitanda cha nani kile, maana miguu yake imechongwa kwa mkono wa Saíde anaoujua. Muanarabo, ambaye hasemi, akasema, "Ni chako, Bi Rabia. Salamu zako kutoka kwa Saíde." Bi Rabia akashika kifua, akakaa chini.

Ndipo akaja yule mzee wa mwanzo, Mzee Momade, akasimama mbali kidogo kwa heshima.

"Samahanini kuwasumbua katika msiba," akasema. "Mwalimu yuko mbele, safu zimepangwa. Anauliza maiti ni mume au mke, apate kuomba dua inavyostahili."

Atija akaweka kikombe chini.

"Si mume wala si mke, mzee wangu," akasema. "Ni mikoko."

Mzee Momade alingoja. Nadhani alingoja sentensi imalizike. Ilipokuwa haina mwisho mwingine, aligeuka akarudi msikitini polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, na sisi tukasikia kule sauti nyingi kwa pamoja.

Atija akasimama. Bibi mmoja akamshika kapulana. "Mwanamke hafuati janaza."

"Hii si janaza, bibi."

"Ikishabebwa ni janaza," bibi akasema.

Atija akamshukuru, akajitoa mkononi mwake taratibu, akaenda. Tukamfuata, kwa sababu kubaki kuliogofya zaidi. Hakuingia kwenye ua wa msikiti. Alisimama ukingoni, viatu mkononi, na wanaume wa kijiji kizima wamemgeukia.

"Tumefanyiwa mzaha," kijana mmoja alikuwa anasema kwa hasira. "Tulikuwa tunakwenda kuswalia kuni."

"Hatukuswali," akasema mwalimu wa msikiti, mtu wa makamo mwenye macho ya kuchoka. "Tuliuliza kwanza. Binti, kwa nini mlitunyamazia?"

"Mlitupokea vizuri mno, mwalimu," Atija akasema. "Tena tulichoka. Hatukuwa na nia ya kucheza na msiba wa mtu. Mniwie radhi mimi, wenzangu wananifuata tu. Lakini nawaomba msivitupe. Vijiti hivyo ni hai."

Akaomba ruhusa, akafungua kamba ya kichwani. Wanaume walirudi nyuma kidogo, halafu wakainama. Miche ilikuwa ya kijani, imelowa, kila mmoja na kikonyo chake. Atija akawaeleza jinsi mti unavyomzaa mtoto ameshaota, jinsi mizizi inavyoshika matope, jinsi ufukwe wetu unavyoliwa. Mwanzo sauti yake ilitetemeka, nami nilikuwa namwombea kila neno. Baadaye haikutetemeka. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, cheko la pumzi, likamshika jirani yake, na mwalimu naye akaziba mdomo kwa kilemba. Walicheka mpaka kijana wa hasira akageukia ukutani.

Mzee Momade hakucheka. Aliokota mche mmoja, akaushika kwa mikono miwili.

"Makaburi yetu yapo pale chini," akasema. "Kimbunga kilipopita, bahari ilifukua safu ya kwanza. Tuliokota wazee wetu, tukawazika upya. Tumeweka mawe, yamekwenda. Hivi vikiwekwa mbele ya makaburi, vitazuia?"

"Mwaka huu havitazuia kitu, mzee," Atija akasema. "Wala mwakani. Vikiishi, vikakua, vitavunja nguvu ya mawimbi. Siwezi kukuahidi zaidi."

"Tupeni nusu," Mzee Momade akasema.

Atija akatoa simu. Rede ya simu ilikatika tangu Quionga, na pale haikuwepo hata alama. Mjomba Bacar hakuweza kuulizwa. Tukakaa kando, sisi wanne, na mimi nilipinga, sifichi. Nilimwambia nusu ikienda, kipande chetu hakitajaa, na pakibaki pengo akina Amade wanachukua, na kiti chake kwenye kamati kinakwenda nacho. Nikamwambia watu hawa wana huruma, wataelewa. Nikamwambia mjomba wake atasema nini.

Atija alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Bibi yangu nilimwacha kule tulikohama," akasema. "Kaburi lake silioni. Sijui nani anafyeka pale. Siwezi kwenda nyumbani na miche hii huku naiacha mifupa ya watu inaogelea."

Nilijua kaburi hilo, tulilitembelea tukiwa wadogo.

Akarudi kwa wanaume, akasema nusu ni yao, lakini watakaopanda na kulinda ni wanawake wa pale, kwa kuwa wao ndio wanaokanyaga matope yale kila siku wakitafuta kombe. Wanaume wakasema mwanamke haingii makaburini. "Hatutaingia," Atija akasema. "Tutapita upande wa baharini. Nyinyi mkae juu na wafu wenu, mtupokezee miche."

Mwalimu alifikiri. "Hilo halina kosa," akasema.

Matope ya asubuhi

Bi Rabia alikataa kukilalia kitanda chake, akasema kitanda kilichokwisha kupigiwa safu kipumzike kwanza. Nikakilalia mimi, nikapiga usingizi wa pono.

Asubuhi maji yalitoka mbali sana, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya matope hauendi popote. Wanawake wa kijiji walikuja na kapulana zimefungwa juu ya magoti. Wanaume walijipanga ukingoni, mbele ya makaburi, wengine kanzu wamezikunja. Mche ulitoka mkono hadi mkono, ukashuka kwa mwanamke wa kwanza, akaupokea, akampa wa pili, hadi kwa aliye mwisho, ambaye alikuwa haonekani kwa ukungu. Ulikuwa unatoa mkono tu, na mkono mwingine unauchukua. Kijana wa hasira alinipa mimi. Alinipa mingi kabla hajasema, "Babu yangu ni yule wa pili kutoka mwisho." Nikamwambia tutaweka mizito hapo.

Hakuna aliyeamrisha. Mwanzo nilifikiri Atija anasimamia, nikamtafuta, nikamkuta ameinama kama sisi, matope hadi kifuani. Lakini kila mwanamke aliyekuwa na swali aliinua kichwa kuelekea upande aliokuwa yeye. Wanaume nao wakaanza kumwuliza kutoka juu, karibu au mbali, wima au mshazari, na yeye akajibu bila kuinuka. Jua lilipotoboa ukungu tuliona safu zetu. Zilipinda vibaya. Mzee Momade akasema hata safu za msikitini siku ya Idi hupinda.

Nyumbani

Nusu iliyobaki tuliibeba kichwani mpaka ilipopatikana carrinha, safari hii tumeifunga katika kapulana za maua makubwa, nyekundu na manjano, asije mtu akatuombolezea tena. Hakuna aliyetuzimia injini.

Atija alimweleza Mjomba Bacar siku tuliyofika. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia," akaenda kulala. Sijui neno gani lingetutisha zaidi ya hilo. Tulipanda yote tuliyokuwa nayo kabla ya bamvua, kutoka mkondoni kuelekea kwenye mawe, na haikufika kwenye mawe. Pengo lilibaki wazi, linametameta, huwezi hata kujidanganya.

Siku ya ukaguzi wazee walikaa kwenye mkeka juu ya mchanga mkavu. Akina Amade walisimama pembeni, wametulia kama watu wanaongoja chakula kinachopakuliwa. Sisi tulikaa nyuma. Mzee Nchamo, mkubwa wa kamati, mtu asiyesalimia mara mbili, alitembea ufukwe wote na fimbo yake, akarudi.

"Hapa pana pengo," akasema. "Nasikia miche ilikuwepo, ikagawiwa njiani kwa watu wengine. Bacar, ni wewe uliyeruhusu?"

Nilimwona Mjomba Bacar akisimama, amevaa koti lake la sherehe. Wote tulijua mlango uko wapi. Angesema ndiyo, jambo lingekwisha, sadaka ingekuwa yake na Atija angebaki msichana mtiifu. Angesema hapana, Atija angekuwa msichana aliyewapita wakubwa wake. Zainabo alikuwa ameshaanza kulia.

"Sikuulizwa," Mjomba Bacar akasema.

Alikusanya pindo za koti lake vizuri, akakaa.

"Aliyeulizwa ni yule," akasema kutoka chini. "Msikilizeni yeye."

Atija akasimama. Alisema, "Niliulizwa mimi, nikajibu mimi. Pengo ni langu. Si la mjomba wangu wala la wenzangu." Akaeleza habari ya makaburi kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia hapa. Hakuomba kitu. Hakutaja kwamba rede ilikatika, na hilo lingemsaidia.

Mzee Nchamo alichora mstari kwenye mchanga kwa fimbo, akaufuta kwa mguu. Kisha akasema sharti ni sharti. Upande wenye pengo ni wa akina Amade. Uliopandwa ni wetu, na mtu asiuguse. Akina Amade waliitikia kwa kichwa, wakaridhika, wakaanza kuondoka. Nami nilibaki nimekaa, kwa sababu kiti hakikutajwa, na sharti la kiti lilikuwa kukijaza kipande chote.

Mzee Nchamo naye alikuwa ameshageuka. Akasimama.

"Kamati inakaa Alhamisi baada ya adhuhuri," akasema, na hakumtazama Mjomba Bacar. "Usichelewe."

Atija akajibu kwamba hatachelewa. Hadi ninapowaandikia hajachelewa hata mara moja. Wanaochelewa ni wao.